Uzoefu wangu na pakiti ya mbegu za kalendula

Nilinunua pakiti hii mwishoni mwa Machi, shilingi 150, katika duka moja la pembejeo mjini. Naishi Embakasi, ghorofa ya tatu, na shamba langu lote ni roshani inayopata jua la asubuhi.

Nilipoifungua nilikasirika. Mbegu hazikufanana hata kidogo: nyingine zimejikunja kama kucha iliyokatwa, nyingine zina mabawa, nyingine ni vipete vidogo. Nikadhani nimeuziwa takataka. Kumbe ua moja la kalendula huzaa mbegu za maumbo mbalimbali, na zote huota. Udongo wetu mweusi hutuama maji na kupasuka ukikauka, kwa hiyo nilitafuta udongo mwekundu nikauchanganya na samadi iliyooza vizuri. Nikafukia mbegu kina cha sentimita 1, maana huchipua gizani. Siku ya saba miche ikaanza kutokeza, na kati ya mbegu 30 zikaota 24. Hapo nawapa heko wauzaji.

Tatizo ni maelezo. Pakiti inasema upande majira ya machipuko. Majira hayo Nairobi yako wapi? Kalendula ni ua la ubaridi. Mwaka jana nilipanda Januari, jua likiwa kali, nikapata vijiua viwili vitatu kisha mimea ikachoka. Safari hii masika yaliikuza, ikachanua mwisho wa Mei, na baridi ya Juni na Julai ndiyo iliyoipa raha hasa. Muuzaji angeandika hilo kwenye pakiti angewaokoa wengi.

Vidukari walikuja, wakajazana kwenye vikonyo. Niliwaosha kwa maji yenye sabuni kidogo, jioni tatu mfululizo, wakaisha. Maua yaliyofifia nayakata kila baada ya siku mbili, la sivyo mmea huacha kuchanua na kushughulikia mbegu. Vidole hubaki vinanata utomvu wenye harufu ninayoipenda mno. (Usiichanganye kalendula na ile marigodi ya Meksiko inayoota ovyo mashambani, huo ni mmea mwingine kabisa.) Petali nazikausha kivulini kwenye ungo, nyingine naziloweka kwenye mafuta ya kupaka mikono.

Ningependekeza mbegu hizi, ila picha ya pakiti ina maua ya manjano na ya chungwa, na kwangu yametoka ya chungwa tupu.