Homework ya Daft Punk: dakika 74 za mashine chache, na jinsi ya kuzisikiliza

Ukiucheza wimbo wa Around the World wa Daft Punk kwenye spika ya simu, utasikia nusu tu yake. Nusu nyingine ni besi, na spika ya simu haina ubavu wa kuitoa. Kabla ya kutoa hukumu yoyote kuhusu Homework, albamu yao ya kwanza, tafuta hedifoni zinazofunika sikio au sabufa ya sebuleni, halafu zima kitufe cha kuongeza besi. Kitufe hicho huiharibu albamu hii kuliko kitu kingine chochote. Dundo, ile ngoma nzito inayogonga kila biti, na besi vimepangwa vipishane. Ukivipandisha vyote viwili vinagongana, na kinachobaki ni mvumo.

Albamu ilitoka Januari 1997 kupitia lebo ya Virgin. Ina vipande 16, karibu dakika 74, yaani CD imejaa pomoni. Kwenye santuri imegawanywa diski mbili, pande nne. Walioitengeneza ni vijana wawili wa Paris, Thomas Bangalter na Guy-Manuel de Homem-Christo, waliojuana tangu shuleni Lycée Carnot. Walianza na bendi ya magitaa, Darlin'. Melody Maker, jarida la muziki la Uingereza, likaiponda, na maneno yale yale ya kuponda wakayafanya jina la kundi jipya, Daft Punk. Mwaka 1993 walimkabidhi mtu wa Soma, lebo ya Glasgow, rekodi yao ya majaribio. Santuri ya kwanza ikatoka 1994, Da Funk ikafuata 1995, na ilipofika 1996 lebo kubwa zilikuwa zinawagombania. Zile kofia za roboti hazikuwepo bado; zilikuja na albamu ya pili, 2001.

Kuna jambo moja ambalo wasomaji wa Kiswahili hawaambiwi mara kwa mara. Baba yake Thomas, Daniel Vangarde, ni mmoja wa watu walio nyuma ya D.I.S.C.O., wimbo wa kundi la Ottawan, ile iliyotikisa madisko miaka ya themanini. Ndiye pia mmoja wa watunzi wawili wa Aie a Mwana, wimbo wa kundi la Black Blood wa 1975 ulioimbwa kwa Kiswahili, ambao Bananarama, kundi la Uingereza, waliurudia 1981 kuwa singo yao ya kwanza. Kwa hiyo kijana huyu hakuanza kusikia dansi ukubwani.

Homework ilirekodiwa chumbani kwa Thomas. Kuna mashine ya midundo ya Roland TR-909, kuna TB-303 ya besi, kuna kinanda cha Juno-106, sampla (mashine ya kuchukua vipande vya rekodi nyingine) na miksa. TB-303 ilitolewa na Roland mwanzoni mwa miaka ya themanini ili impigie besi mpiga gitaa anayefanya mazoezi peke yake. Kwa kazi hiyo haikufaa, ikaishia kuuzwa kwa bei ya kutupa kwenye maduka ya mitumba, na vijana wa Chicago wakaizungusha vitufe hadi ikaanza kulia. Kilio hicho kinaingia katikati ya Da Funk. Usikisubiri tangu mwanzo. Kinapanda taratibu chini ya ile sauti kuu yenye mkwaruzo, na ukishakitambua hutakipoteza tena.

Sikiliza Revolution 909 baada ya ving'ora na polisi anayewaamuru watu wazime muziki warudi nyumbani. Kila dundo likigonga, vinanda vya nyuma vinazama, kisha vinapanda kabla ya dundo linalofuata. Hiyo ni kazi ya kompresa, kifaa kinachobana sauti ikipanda. Katika vifaa vyao hutajwa sana Alesis 3630, kifaa cha bei ya chini tu. Mwenye FL Studio, programu ya kutengeneza muziki kwenye kompyuta, anaweza kuipata hali hiyo bila kununua kitu. Kwenye miksa, chagua chaneli ya dundo, bofya kulia mshale ulio chini ya chaneli ya vinanda, kisha chagua "Sidechain to this track". Weka Fruity Limiter kwenye chaneli ya vinanda, ingia COMP, na kwenye Sidechain weka 1. Uwiano (Ratio) uwe kati ya 4:1 na 8:1. Shusha Threshold, kiwango ambacho kubana kunaanzia, hadi uone sauti ikizama kila dundo likigonga. Attack, muda wa kuanza kubana, iwe fupi, milisekunde 1 hadi 5.

Release, muda wa sauti kurudi juu, ndiyo inayowashinda wengi. Kwa mwendo wa biti 121 kwa dakika, kutoka dundo hadi dundo ni milisekunde 496. Anza na 200 hadi 250, sauti ipate nafasi ya kurudi juu na kutulia kidogo. Ukiweka 600, haijapanda bado inapigwa chini tena, na wimbo mzima unasikika kama umefunikwa blanketi. Ukiweka 30, sauti inarukaruka na besi inaanza kukwaruza. Ukibadilisha mwendo wa wimbo, piga hesabu upya: gawa 60,000 kwa idadi ya biti.

Around the World ndiyo somo kamili. Maneno ni yale yale matatu mwanzo hadi mwisho, dakika 7 na sekunde chache, na hauchoshi. Siri iko kwenye nani anaingia na nani anatoka. Asiyeweza kuzitenganisha sauti kwa sikio atazame video yake iliyoongozwa na Michel Gondry, ambamo kila kundi la wachezaji limepewa sauti yake: roboti ni maneno, wanariadha wanaopanda na kushuka ngazi ni besi, mifupa ni gitaa, maiti waliofungwa sanda za Misri ni ngoma, na mabinti wa kuogelea ni kinanda cha juu. Besi ikitulia, wanariadha wanatulia. Prodyuza anayejaza chaneli 60 kwenye wimbo mmoja aitazame mara mbili.

Teachers haina dakika 3, na karibu yote ni majina: Paul Johnson, DJ Funk, Jeff Mills, Romanthony, Todd Edwards na wengine wengi, hasa wa Chicago na Detroit. Ichukue kama orodha ya manunuzi. Romanthony na Todd Edwards wote wawili walikuja kuimba kwenye albamu ya 2001.

Kwa ma-DJ, tatizo ni mwendo. Da Funk inakwenda takriban biti 111, Around the World takriban 121. Mashine ya kawaida ya DJ ya kuchezea santuri inaongeza au kupunguza asilimia 8 tu, kwa hiyo Da Funk ukiivuta hadi mwisho inaishia karibu 120, na bado haijamfikia mwenzake. Zikutanishe katikati, 116: moja iongeze asilimia 4.5, nyingine ipunguze 4. Au achana na ndoa hiyo kabisa. Da Funk inakaa vizuri ndani ya amapiano, ambayo nyingi ziko 110 hadi 115, ila hakikisha umekata besi ya upande mmoja, maana ngoma nzito ya amapiano na lile dundo haziwezi kukaa pamoja. Aliyezoea singeli ya biti 200 na zaidi ataona albamu yote inatambaa.

Kasoro zipo. Rock'n Roll ni dakika 7 na nusu ya kelele inayosagwa bila kwenda popote. Dakika 3 zingetosha. High Fidelity imekatakata wimbo wa Billy Joel kwa ustadi, lakini inabaki zoezi. Ukiondoa hizo mbili na Oh Yeah, unapata albamu ya saa moja isiyo na pa kurusha. Alive, iliyowekwa karibu na mwisho, ni ya zile kazi za 1994, na inaonyesha walikuwa wameshaiva kabla Virgin hawajagonga mlango.

Toleo la miaka 25, lililotoka Februari 2022, limeongeza rimiksi za Masters At Work, DJ Sneak, Ian Pooley na wengine. Kwa DJ linafaa kuliko la awali. Kwa msikilizaji wa kawaida, vile vipande 16 vinatosha. Ukinunua santuri ya mitumba, hakikisha diski zote mbili zimo kwenye jalada, kisha jaribu upande wenye Rollin' & Scratchin'. Ule msumeno utakaousikia umerekodiwa hivyo, kwa hiyo usibadilishe sindano wala usimrudishie muuzaji.