TAHADHARI: Wanaopiga simu majumbani kuomba michango ya mayatima

Ndugu zangu wa Bombo, Kampala, Arua na kwingineko Uganda, nawatahadharisha juu ya watu wanaopiga simu majumbani, hasa kwa wazee, wakijitambulisha kuwa maafisa wa kituo cha kulea mayatima na kuomba mchango utumwe papo hapo kwa pesa za simu. Kati ya Desemba 2024 na mwisho wa Ramadhani ya 2025 walimchukulia mama yangu mzazi shilingi 420,000. Nimeamua kueleza namna walivyofanya kwa kuwa majirani zake wawili nao wameanza kupigiwa, na mmoja wao ameshatuma.

Mama ni mjane, anaishi Bombo na mjukuu mmoja, na kipato chake ni kodi ya vyumba viwili vya kupangisha. Simu yake ni katochi, ile simu ndogo ya vitufe, na akipigiwa huenda kusimama kwenye dirisha la jikoni, ambako mtandao unashika vizuri. Simu ya kwanza ilikuja baada ya Magharibi, siku chache tu baada ya maporomoko ya udongo ya Bulambuli, mashariki mwa Uganda, ya tarehe 27 Novemba 2024, wakati redio zilikuwa bado zinasimulia habari za familia zilizofukiwa. Mpigaji, mwanamume mwenye sauti ya upole, alitoa salamu ya Kiislamu, akamwita Hajati, akataja majina yake yote mawili bila kukosea, kisha akaeleza kwamba wamepokea watoto waliopoteza baba na mama usiku mmoja na kwamba hawana hata blanketi. Kiasi hakutaja. Alisema atoe chochote alichojaliwa na Mwenyezi Mungu. Mama akatuma shilingi 20,000, na kwa kuwa yule bwana alimwomba kwa adabu aongeze na ya kutolea ili watoto wazipate kamili, akaongeza na ya kutolea.

Hapo pa kutolea naomba tutue kidogo, kwa sababu ndipo penye alama ambayo mtu yeyote anaweza kuitambua. Kituo kinachoendeshwa kwa utaratibu hupokea michango kwenye akaunti ya benki au kwa namba ya malipo iliyosajiliwa kwa jina la kituo chenyewe, na hakina haja ya kumuuliza mtoaji kuhusu gharama za wakala. Anayekuomba ya kutolea anakuonyesha kwamba pesa zako zinakwenda kwenye laini ya mtu binafsi, na kwamba zitatolewa taslimu dirishani kwa wakala, huenda kabla wewe hujarudi kuketi.

Alama ya pili mama aliiona ila hakuijali. Unapotuma pesa kwa simu, kabla ya kuweka namba ya siri, jina la mwenye laini inayopokea hujitokeza kwenye kioo. Lililojitokeza lilikuwa la mwanamke, ilhali aliyekuwa akiongea naye ni mwanamume na aliyedai kupokea ni kituo. Alipouliza aliambiwa kwamba huyo ni mhasibu wao. Tangu mwaka 2012 laini za simu nchini husajiliwa, na mwaka 2017 ziliunganishwa na kitambulisho cha taifa, kwa hiyo wengi wetu tunaamini kwamba jina tunaloliona ndilo la mtu tunayeshughulika naye. Si lazima iwe hivyo. Matapeli hutumia laini zilizosajiliwa kwa vitambulisho vya watu wengine, mara nyingi watu wasiojua lolote. Ndiyo maana siandiki hapa jina hilo wala namba hiyo, nisije nikamtumia mtu asiye na hatia umati wa watu mlangoni.

Wengi wananiuliza walijuaje jina la mama. Nilijiuliza hivyo hivyo mpaka siku nilipotambua kwamba njia ile ile iliyotuonyesha jina la mpokeaji inaweza kutumika dhidi yetu: mtu akiandika namba yako kana kwamba anataka kukutumia pesa, jina lako litamtokea, naye ataghairi muamala bila kupoteza hata shilingi moja. Ongeza hapo vile vitabu vya mawakala vinavyolala wazi mezani, tunamoandika jina, namba na kiasi kisha tukatia saini, pamoja na daftari za michango ya misiba zinazopita mikono mingi. Mpigaji kukutaja kwa majina yako yote, basi, si ushahidi wa lolote.

Mama anaandika kila matumizi katika daftari la mazoezi la shule, lile la kurasa 96, kwa kalamu ya bluu. Tulipoketi kulipitia baada ya Idi nilikuta mistari saba yenye neno "sadaka", na pembeni ya kila mmoja sababu aliyopewa. Elfu ishirini za Bulambuli. Elfu ishirini tena, za Bulambuli. Elfu hamsini za ada ya shule mwanzoni mwa muhula. Elfu thelathini za familia zilizopoteza nyumba Kiteezi, karibu na Kampala, ambako jaa la taka liliporomoka tarehe 10 Agosti 2024 na kuua watu zaidi ya 30. Laki moja ya futari. Elfu hamsini za nguo za Idi. Mstari wa saba ulikuwa shilingi 150,000, na mbele yake ameandika "kujisajili". Maafa yaliyotajwa ni ya kweli na kila mmoja aliyasikia redioni, na hilo ndilo linalomfanya mtu mwema asishuku.

Huo mstari wa saba ndio ulionifanya nishindwe kujizuia. Mtu yule alipiga siku chache kabla ya Idi akiwa na furaha, akamwambia mama kwamba wafadhili wa nje wameona moyo wake wa kutoa na wamemteua kuwa miongoni mwa wajane watakaosaidiwa kukarabati nyumba, ila lazima alipie usajili. Mama alizitoa kwenye kodi ya mpangaji iliyokuwa imeingia asubuhi hiyo. Baada ya hapo simu haikupokelewa tena kwa wiki tatu.

Tulikwenda wenyewe kwenye kituo kilichotajwa, ambacho kipo kweli na kina watoto kweli. Msimamizi wake alitupokea vizuri, akatuambia kwamba hawajawahi kumpigia mtu simu kuomba pesa na kwamba sisi hatukuwa wa kwanza kuja kuuliza. Sitakitaja, kwa kuwa kimedhurika kama sisi. Kwa kampuni ya simu tulijibiwa kwamba pesa haziwezi kurudishwa kwa sababu zote zilikwishatolewa. Muamala huweza kuzuiwa pale tu salio linapokuwa bado lipo kwa aliyepokea, kwa hiyo ukishtuka dakika ile ile piga 100, namba ya huduma kwa wateja kwa MTN na pia kwa Airtel, ueleze umetapeliwa na uwape namba ya muamala iliyo kwenye ujumbe. Usiufute ujumbe huo hata kwa hasira. Tulipokwenda polisi, ni ujumbe saba wa mama uliotuwezesha kuandika maelezo yenye tarehe na saa, na tukapewa namba ya kumbukumbu ya kesi.

Kuna jambo kuhusu mazungumzo yenyewe ambalo nadhani ndilo lililotugharimu zaidi. Mama, kwa malezi yake, hawezi kumkatia mtu simu akiwa anaongea. Alijaribu kukataa mara mbili kwa kutoa udhuru: aliwahi kusema hana pesa mpaka tarehe tano. Tarehe tano, saa mbili asubuhi, simu ikalia. Udhuru wowote unaoutoa mpigaji huuchukua kama miadi, na swali lolote unalouliza humpa nafasi ya kueleza zaidi, kwa kuwa kazi yake ni kukuweka kwenye simu mpaka huruma izidi hadhari. Sasa tumekubaliana nyumbani kwamba jibu ni moja kwa kila mtu, awe mkweli au mwongo: "Sitoi mchango kwa simu. Naomba mfute namba yangu." Kisha simu inakatwa bila kungoja jibu. Mwanzoni mama aliona ni ukosefu wa adabu na akahisi anamfungia mlango yatima. Ilinibidi nimweleze zaidi ya mara moja kwamba anayekatiwa simu ni mpigaji, si yatima, na kwamba sadaka ile ile ataitoa kesho yake kwa mkono anaouona.

Jibu hilo linafaa hata kwa mashirika halali, kwani yapo yanayopiga jioni watu wanapokula, na uhalali wao hauwapi ruhusa ya kutusumbua. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inampa kila mmoja haki ya kujua taarifa zake zinatumiwa na nani, na unaweza kumuuliza mpigaji alipata wapi namba yako. Mwenye kazi safi atakujibu. Vilevile, kwa Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2016, shirika linatakiwa kuwa na kibali, na haliruhusiwi kufanya kazi katika wilaya bila ridhaa ya kamati ya wilaya inayosimamia mashirika hayo na makubaliano na serikali ya mtaa. Kwa hiyo mtu akidai anahudumia watoto wa wilaya fulani, ofisi za wilaya hiyo zinapaswa kumjua. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa, wa mahali kilipo kituo naye atakueleza kama kuna watoto au kuna geti tupu. Kwa maafa makubwa, wapo Msalaba Mwekundu wa Uganda na Ofisi ya Waziri Mkuu, na ofisini kwao unaweza kwenda mwenyewe.

Wenye wazazi wanaoishi peke yao, ketini nao wiki hii mwangalie taarifa ya miamala yao, kwa *165# ikiwa ni MTN au *185# ikiwa ni Airtel. Msiwakaripie. Mama alinificha miezi minne kwa kuogopa kwamba nitamnyang'anya simu, na kama ningeuliza kwa upole mapema tungesimama kwenye mstari wa tatu. Ambaye amepigiwa, aandike tarehe, saa, namba na jina lililojitokeza kwenye kioo, kisha apeleke kituo cha polisi kilicho karibu naye, maana kesi ya mtu mmoja ya shilingi 20,000 huonekana ndogo mpaka zikae kumi pamoja.

Jumanne iliyopita mama alipigiwa tena akiwa dirishani pale pale. Namba ilikuwa mpya na sauti ni ile ile, na safari hii walikuwa wakichangisha kisima cha maji cha shule.