Kuhamishia kanda za VHS kwenye kompyuta: hela kubwa weka kwenye deki, kapcha baadaye

Kama nyumbani kuna lile boksi la kanda za harusi, kipaimara, maulidi, send-off ya shangazi na nyingine hata lebo hazina, usikae nalo sana jamani. Sumaku ya kwenye mkanda inachoka yenyewe taratibu, na sisi wa Pwani, kuanzia Dar, Tanga mpaka Mombasa na Zanzibar, unyevu unaleta kuvu mpaka ndani kabisa ya kanda. Deki nazo hazitengenezwi tena, Funai ya Japani ndo ilikuwa ya mwisho na iliacha Julai 2016, kwahiyo kila deki utakayoiona leo ni mtumba au imekaa stoo miaka.

Sasa watu wengi wanaanza na swali la kapcha ipi nzuri, yaani kile kidude cha USB chenye matundu ya waya za njano, nyeupe na nyekundu kinachoingiza picha ya deki kwenye kompyuta, wakati picha inatoka kwenye deki. Deki ikisoma vibaya hakuna programu itakayokurudishia sura ya bibi. Mi ushauri wangu ni huu, bajeti kubwa iende kwenye deki, na kwenye deki usiangalie sana jina, angalia hali yake. Tafuta ya hedi nne (vile vichwa vinavyosoma mkanda) yenye hi-fi, yaani sauti safi ya stereo, Panasonic au JVC au Sony ya miaka ya 90 mwishoni zipo nyingi tu, ukipata S-VHS, ile VHS ya daraja la juu, yenye tundu la S-Video (waya unaopitisha picha safi kuliko ule wa njano) chukua haraka maana ni adimu.

Ukienda dukani, iwe Kariakoo au Luthuli ya Nairobi, beba kanda yako ya majaribio, kanda ya filamu ambayo ikitafunwa haitakuuma, usithubutu kuanza na ya harusi. Icheze dakika kadhaa, ipeleke mbele mpaka mwisho, irudishe, sikiliza kama kuna mlio wa kukwaruza, halafu itoe, bonyeza kale kakitufe ka pembeni, inua mfuniko uangalie mkanda wenyewe. Kama ukingo umekunjamana hiyo deki iache hapohapo. Mistari kidogo chini kabisa ya picha ni kawaida ya VHS, ila mistari inayopanda na kushuka katikati hata ukirekebisha tracking (vile vitufe vya kunyoosha picha kwenye deki), hapana.

Na kabla hujaingiza kanda yako ndani ya deki, itazame kwenye dirisha lake kwa mwanga mkali. Ukiona unga mweupe juu ya mkanda uliojizungusha hilo ni kuvu, ukiicheza hivyo unachafua hedi na kuambukiza kanda zote zinazofuata, hiyo mpelekee fundi anayejua kusafisha. Hedi zikichafuka usitumie pamba ya masikioni, nyuzi zake zinanasa na hedi ni kitu chembamba sana kinavunjika. Chukua karatasi nyeupe laini, ilowanishe na isopropili ya asilimia 99 (ile spiriti ya majeraha mara nyingi ina mafuta, haifai), ishikilie tu kwenye ngoma, ile silinda inayozunguka yenye hedi, halafu izungushe ngoma kwa mkono polepole. Usisugue juu chini hata siku moja.

Haya, kapcha. Namba moja kwangu ni Hauppauge USB-Live2 au nyingine ya daraja lake, inakula waya za kawaida na S-Video, inaelewa PAL (mfumo wa TV wa kwetu), inatoa picha kamili ya 720 kwa 576 na sauti haikimbiani na midomo. Sio ya bei ya chini lakini kazi hii unaifanya mara moja. Na kama kanda zako zimechoka, picha inayumba juu ama mistari ya wima inapinda kama nyoka, pitisha kwanza kwenye DVD rekoda, Panasonic DMR-ES10 au ES15 ndo zinazotafutwa, wala hutarekodi DVD yoyote, unapitisha tu deki-rekoda-kapcha na yenyewe inanyoosha ile mistari. Kwa kweli kwa kanda mbovu hiki kifaa kinasaidia kuliko kupandisha daraja la kapcha.

Namba mbili ni kwa wenye kanda ndogo za kamera, Video8 na Hi8. Hao wasihangaike na kapcha kabisa kama wanaweza kupata kamera ya Digital8 ya Sony, nyingi za mwanzo zinacheza kanda hizo na kutoa kidijitali kwa waya wa FireWire (waya wa zamani wa kuhamisha video), saa moja inakula kama GB 13. Uliza kabla ya kulipa maana sio modeli zote, na kompyuta yako lazima iwe na FireWire, laptopu mpya hazina.

Namba tatu Elgato Video Capture. Ni rahisi kutumia, hata mzee ataweza, ila inaishia 640 kwa 480, kwa kanda za PAL zenye mistari 576 ya picha unapoteza mingine, ndo maana siipandishi.

Namba nne zile EasyCap. Shida yake boksi ni lilelile lakini chipu ndani inabadilika badilika, ya jirani inafanya kazi vizuri, yako inatoa picha nyeusi na nyeupe bila sauti. Kama ndo uwezo uliopo nunua, ila muuzaji aichomeke mbele yako.

Ya mwisho ni ile ya kununua kibadilishi cha AV kwenda HDMI halafu kapcha ya HDMI. Ile inakuza picha na kuivuta iwe pana, watu wote wanaonekana wanene. Usinunue.

Kurekodi tumia programu ya OBS, ni bure. Chagua PAL, fremu 25, umbo la 4:3, na rekodi kwa faili la aina ya MKV sio MP4, kwa sababu umeme ukikatika katikati MP4 inaharibika yote wakati MKV inabaki mpaka pale ilipofikia, baadaye OBS yenyewe inaigeuza kuwa MP4. Kwa megabiti 8 kwa sekunde kanda ya E-180 ya saa tatu inakula kama GB 11. Chomeka kapcha moja kwa moja kwenye laptopu, usipitishie kwenye habu, kile kidude cha kuongeza matundu ya USB.

Jambo moja kwa wenye ndugu Marekani. Kanda zilizorekodiwa kule ni NTSC, mfumo wa TV wa kwao, deki zetu nyingi zinaicheza lakini zinatoa mchanganyiko ambao kapcha nyingi hazielewi, picha inakosa rangi au inazunguka. Za Oman hazina shida, kule nako ni PAL. Kwa za Marekani ni bora huyo ndugu azihamishie hukohuko kwa deki ya kwao akutumie faili, kanda halisi abaki nazo mpaka umefungua faili zote na kuzitazama mpaka mwisho.