Uzoefu wangu na SSD ya Kingston A400: laptopu ilipokataa kuingia Windows baada ya kubadilishiwa diski

Kazi yangu ni kuchapa na kupanga TFC na kazi za lisansi (kazi za kumalizia masomo) za wanafunzi wa UNILU, yaani Chuo Kikuu cha Lubumbashi, hapa Lubumbashi, upande wa njia ya Kasapa. Laptopu ndiyo jembe langu. Ninaposema nimeridhika na SSD (diski ya haraka isiyozunguka) ya Kingston A400 ya GB 240, ninasema kama mtu anayebeba faili za wengine kila siku, na faili hizo zikipotea kuna mtu hatatetea kazi yake mwaka huu. Lakini sitaki mtu ainunue kesho akidhani kazi ni kufungua skrubu, kutoa ya zamani, kuingiza mpya, basi. Laptopu yangu ilipowekewa SSD hii iliwaka vizuri, ikakataa kabisa kuingia Windows. Diski ilikuwa nzima. Nitaeleza shida ilikuwa wapi, kwa sababu naona watu wengi mjini wakiambiwa watupe kitu kizima.

Kwanza bidhaa yenyewe. A400 ni diski ya inchi 2.5, inayounganishwa kwa kiungo cha SATA, unene milimita 7. Kiwanda kinasema ya GB 240 inasoma hadi MB 500 kwa sekunde na kuandika hadi MB 350, dhamana miaka 3. Ndani haina DRAM, yaani ile kumbukumbu ndogo ya haraka ambayo SSD za bei ya juu hubeba. Anayehariri video kubwa kutwa nzima atafute daraja la juu zaidi. Kwa Word, PDF, Excel na kivinjari chenye madirisha mengi, sijawahi kuona upungufu wake. Laptopu yangu ni okazio (iliyokwisha kutumika) kutoka Ulaya, kibodi ya Kifaransa ya AZERTY kama nyingi zinazoingia kwetu, na ilikuja na diski ya kuzunguka ya GB 500, mizunguko 5400 kwa dakika. Mwenye kujua diski za namna hiyo anajua uvumilivu unaotakiwa asubuhi.

Kabla ya kulipa, niliomba muuzaji aichomeke kwenye mashini yake nione jina lake na ukubwa wake. Fanya hivyo popote unaponunua. Kuna diski za bandia zinazojitangaza GB nyingi kuliko zilizomo, na unagundua siku faili zinapoanza kuharibika. Programu ya bure ya H2testw hujaza diski yote kisha inasoma tena ilichoandika. Inachukua muda, lakini haidanganywi na kibandiko. Yangu ilipita.

Sasa kazi ya kuhamisha. Nilimpa fundi, kijana mwenye mkono mwepisi na adabu, na kufungua laptopu anajua: alitoa betri kwanza, hakuvunja hata klipu moja. Shida ilikuwa kwenye kunakili. Diski ya zamani ilikuwa GB 500, mpya GB 240, na programu nyingi za kunakili diski nzima hugoma pale diski lengwa inapokuwa ndogo kuliko chanzo, hata kama data yenyewe ni kidogo. Ili kukwepa ugumu huo, alichukua patisheni (sehemu ya diski) ya C peke yake, ile yenye Windows, akaihamishia kwenye SSD. Ukiangalia kutoka kompyuta nyingine, kila kitu kipo: folda ya Windows, nyaraka, picha, programu. Ukiwasha laptopu, skrini nyeusi na maandishi: «No bootable device», yaani hakuna diski ya kuanzia.

Akaniambia: «Mama, hii disike ni mbovu, ulete ingine. Ao nifute yote, nikuwekee Windows mpya.»

Nilikataa yote mawili. Kufuta si dhambi; Windows iliyokuja na laptopu tangu enzi za Windows 8 huwa na ufunguo wake ndani ya ubao mkuu wa laptopu wenyewe, kwa hiyo ukiweka toleo lilelile inajiidhinisha yenyewe ukipata intaneti. Lakini mimi nina mitindo ya kurasa kwa kila kitivo, fonti, mipangilio ya marejeo, programu zenye leseni. Kuvirudisha vyote ni wiki za kazi. Na kuhusu ubovu, nilitaka kwanza kuuona kwa macho yangu.

Kipimo cha kwanza hakihitaji chombo chochote. Zima, washa, ingia BIOS (programu ya ubao inayoanza kabla ya Windows) kwa kubonyeza F2 kwa laptopu nyingi, F10 kwa HP, F1 kwa ThinkPad, na utazame orodha ya diski. Yangu iliandikwa wazi KINGSTON na namba ya modeli yake. Hapo tayari unajua mambo mawili: diski inapata umeme, na kiungo cha SATA kinazungumza na ubao. Diski iliyokufa kwa kawaida haijitambulishi. Jina lisipoonekana kabisa, fungua tena usukume kiungo kiingie vizuri. Hasa hizi za milimita 7 zinazowekwa mahali palipokuwa na diski ya milimita 9.5, hucheza ndani ya kitanda chake na kuteleza polepole kila ukibeba begi. Kile kifremu cha plastiki cha kujazia nafasi si pambo. Laptopu inayoingia Windows leo na kesho kukataa, mimi ningeanzia hapo.

Kipimo cha pili: rudisha diski ya zamani. Ikiingia Windows, laptopu ni nzima. Yangu iliingia, pole pole kama kawaida yake. Ndiyo maana nasema kwa sauti kubwa: fundi asiguse diski ya zamani, asiifute, asiipange upya, mpaka mpya ifanye kazi mbele ya macho yako. Hiyo ndiyo akiba yako pekee.

Kwa hiyo ubao mzima, diski nzima, Windows ipo. Nini kilikosekana? Laptopu za kisasa huanza kwa njia ya UEFI, yaani BIOS ya kizazi kipya. BIOS haiendi moja kwa moja kwenye C. Inatafuta patisheni ndogo iliyofichwa, ya mfumo wa FAT32, ambayo Windows ikijisakinisha yenyewe huipa kama MB 100. Humo ndimo zilimo faili za kuanzishia na orodha inayosema Windows iko patisheni gani. Patisheni hiyo haina herufi, haionekani kwenye File Explorer, na mtu akinakili C peke yake inabaki kwenye diski ya zamani. Umebeba Windows yote, lakini hakuna wa kuiita.

Dawa yake haihitaji kununua kitu. Niliandaa flashi ya usakinishaji wa Windows kwa chombo cha bure cha Microsoft, nikawasha laptopu kutoka kwenye flashi. Menyu ya kuchagua ni F9 kwa HP, F12 kwa Lenovo na Dell. Ilipofika kwenye skrini ya kuchagua lugha nilibonyeza Shift na F10. Baadhi ya laptopu zinataka Fn pamoja nazo. Dirisha jeusi linafunguka. Humo niliandika diskpart, chombo cha Windows cha kupanga diski, kisha list disk. Nyota kwenye safu ya Gpt inaonyesha diski imepangwa kwa GPT, mpango wa kisasa wa patisheni, na hiyo ndiyo UEFI inayoitaka. Yangu ilikuwa nayo. Nikaandika select disk 0, baada ya kuhakikisha kwa ukubwa kwamba 0 ni SSD na si flashi, kisha list partition. Ile ndogo ya kuanzishia, ya aina ya System, haikuwemo. Swali lote likaisha hapo.

Nikaomba list volume, nikachagua ile ya Windows kwa select volume na namba yake, nikaendelea kuipunguza kidogo na kuunda ile patisheni ndogo:

shrink desired=300
create partition efi size=200
format quick fs=fat32
assign letter=S
exit

Halafu amri moja ya mwisho, ya kuweka faili za kuanzishia humo:

bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI

Jibu lilikuwa «Boot files successfully created». Kabla ya amri hiyo andika dir C:\ uone kama folda ya Windows imo kweli, kwa sababu ukianzia kwenye flashi herufi hubadilika, na C yako inaweza kuitwa D kwa muda.

Kwa ndugu wa Kongo kuna jambo la kibodi ambalo miongozo mingi haiwaelezi, na nimeona watu wakiacha kazi njiani kwa sababu yake. Flashi ikiwa ya Kiingereza, dirisha lile linasoma kibodi yako ya AZERTY kama QWERTY ya Marekani. Unabonyeza A, inatoka q. Ili upate a bonyeza Q. Kwa w bonyeza Z. Kwa m bonyeza kitufe cha mkato. Alama ya : inatoka kwa Shift na M. Mstari wa / uko kwenye kitufe cha !, na \ uko kwenye kitufe cha nyota, pembeni ya ù. Tarakimu zinatoka bila Shift. Ama tengeneza flashi ya Kifaransa tangu mwanzo uchague kibodi ya Kifaransa, upumzike.

Baada ya hapo nembo ya Windows ilitokea, nikafurahi, kisha skrini ya bluu: INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Hii ni shida nyingine kabisa, na ingekuwa rahisi kurudi kuilaumu diski. Maana yake Windows imeanza, lakini dereva ya kusomea diski hailingani na namna BIOS inavyoionyesha. Fundi, katika kutafuta suluhu, alikuwa amerudisha BIOS kwenye mipangilio ya kiwandani, na kwenye mashini hii mipangilio hiyo inaweka SATA katika hali ya RAID, ambayo ni namna tofauti na AHCI ya kuionyesha diski. Windows yangu ilikuwa imesakinishwa katika AHCI. Nikabadilisha mstari ule mmoja kurudi AHCI, nikahifadhi, ikaingia hadi kwenye meza yangu ya Windows na kila faili mahali pake. Hivyo ninamshauri kila mtu apige picha za kurasa za BIOS kwa simu kabla ya kumkabidhi mtu laptopu.

Jambo dogo zaidi: mara ya kwanza ya kuwasha, usiache diski ya zamani imechomekwa kwa USB. Nakala mbili zenye kitambulisho kimoja huichanganya Windows, na moja inaweza kuzimwa.

Matokeo? Zamani mwanafunzi alifika na flashi yake, akaketi, tukaulizana habari za nyumbani, na mashini bado inazunguka. Sasa anakuta Word imefunguka. Umeme ukikatika, na mji wetu unajulikana kwa hilo, betri yangu iliyochoka hailiwi tena na dakika za kuwasha. Naizima bila hofu, naiwasha mteja anapoingia. Joto limepungua, kelele hakuna. SSD haiondoi hatari ya umeme kukatika katikati ya kuhifadhi faili, kwa hiyo nakala za pembeni zinaendelea: diski ya zamani niliifunga kwenye kasha la USB, na kila jioni faili za wateja zinaingia humo.

Bidhaa naipa alama za juu. Huduma ya fundi naigawa: mikono yake kwenye skrubu ningeiamini tena leo, ila uamuzi wa kuita diski mbovu bila kuangalia patisheni siukubali. Nilimwonyesha hatua zote, akaziandika kwenye daftari lake, na hakunitoza kazi ile.

Wenye laptopu zenye BitLocker, kinga ya Windows inayoifunga diski kwa ufunguo wa siri, watafute ufunguo wa kurejesha, tarakimu 48, kwenye akaunti yao ya Microsoft kabla ya kufungua skrubu. BIOS ikibadilika utaulizwa. Wenye mashini ya zamani inayoanza kwa njia ya Legacy, ile ya kabla ya UEFI, amri zangu za EFI haziwahusu. Kwao diski imepangwa kwa MBR, mpango wa zamani wa patisheni, patisheni ya kuanzishia lazima iwe active, na bcdboot inamalizia kwa /f BIOS. Na kama laptopu yako ina nafasi ya M.2 (tundu la SSD iliyo kama kadi ndogo) badala ya inchi 2.5, A400 hii ya inchi 2.5 si yako. Angalia kwanza kama nafasi hiyo inakubali kadi za SATA au za NVMe, aina nyingine ya kiungo, maana kadi mbili hizo zinaweza kuingia kwenye tundu moja na moja isionekane kabisa kwenye BIOS.