Zawadi ya mama: doti ya khanga au gauni la dukani?

Kumnunulia mtu mzima nguo ni kubahatisha mwili wake. Idi iliyopita nilimchukulia shangazi gauni Kariakoo, lebo imeandikwa 14. Kiunoni lilikaa vizuri, mabegani likakwama. Akalikunja taratibu, akasema atalivaa akipungua. Mpaka leo liko kabatini, na linaniuma. Baadaye ndipo nilipojua kwamba 14 ya Uingereza ni 10 ya Marekani, na madukani kwetu zote zinaning'inia pamoja.

Khanga haina shida hiyo. Doti ni vipande viwili, kila kimoja kama mita moja na nusu kwa urefu. Mnene atajifunga, mwembamba atajifunga. Kimoja mama atajitanda, kingine atambebea mjukuu. Wewe kazi yako ni kukata na kupinda tu, au umwachie fundi.

Lakini khanga inasema. Soma jina lake, yale maandishi yaliyo juu ya pindo la chini, kabla hujalipa. "Nani kama mama" humfurahisha mzazi yeyote. Ukimpelekea mama mkwe kijembe cha wakewenza, utajieleza mpaka uchoke.

Gauni nalinunua endapo mwenyewe yupo analijaribu, au nimepata vipimo kwa fundi wake. Hapo sibishi, harusini gauni lina heshima yake. Bila hivyo naenda kwa muuza khanga, namwomba anifungulie doti nzima nisome.