Kuipima miR-21: PCR au kibaini kinachong'aa?

Molekuli ya RNA iitwayo miR-21, yenye urefu wa nyukliotidi (vijenzi vya RNA) 22 tu, huongezeka katika aina nyingi za saratani, zikiwemo za matiti na mapafu. Ili kuipima kwa PCR, mbinu ya maabara ya kuzidisha nakala za DNA, ni lazima seli zivunjwe, RNA itolewe na kunakiliwa kuwa DNA, kisha nakala zizidishwe mara mamilioni. Ndiyo maana hata kiasi kidogo mno hugundulika.

Kibaini kinachong'aa, ambacho Sanjay Tyagi na Fred Kramer walikieleza mwaka 1996, hufuata njia nyingine. Ni uzi mfupi wa DNA uliojikunja kama pini ya nywele, ncha moja ikibeba rangi ing'aayo na nyingine kizimio, yaani molekuli inayozima mwanga wa rangi hiyo zinapokuwa karibu. MiR-21 inapojishikiza kwenye kitanzi cha pini hiyo, pini hufunguka, ncha huachana, na mwanga huonekana hata ndani ya seli iliyo hai. Ubunifu huu ni wa kupendeza, lakini una kasoro: vimeng'enya vya seli huweza kuukata uzi huo ukang'aa bila miR-21 kuwepo, na kwa kuwa molekuli moja hufungua pini moja tu, mwanga huwa hafifu. Kwa sampuli ya damu ningechagua PCR. Kwa kuifuatilia seli ikiwa hai, PCR haina pa kuanzia.