Jumamosi saba za kulihoji wazo moja: ushauri nasaha niliohudhuria Kirumba

Nauza dagaa wakavu kwa jumla pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, Mwanza, mwaka wa 13 huu. Mwaka jana usingizi ulinitoka kabisa. Zahanati walinipima wakakuta presha imepanda, nikapewa dawa na kuambiwa, "Mama, punguza mawazo." Namna ya kuyapunguza hakuna aliyenionyesha. Jirani yangu wa sokoni ndiye aliyenipeleka kwenye kikundi hiki. Ni chumba kimoja cha ghorofani, Jumamosi saa tisa alasiri, watu wanane, shilingi 10,000 kwa kikao. Vikao ni saba.

Nilidhani tutahubiriwa. Badala yake mshauri, kijana wa rika la mdogo wangu wa mwisho, alituambia kila mtu aandike sentensi moja inayomnyima raha, kwa maneno yaleyale anayojiambia usiku. Niliandika: "Nikidai pesa yangu nitaonekana mchoyo na wateja watanikimbia."

Wafanyabiashara wenzangu mtanielewa. Mimi huuza kwa mali kauli: mteja wa Shinyanga au Kahama anachukua magunia yake, analipa akishauza. Wakati ule nilikuwa nadai zaidi ya milioni 3, na mimi mwenyewe nadaiwa na wenye mitumbwi wa Ukerewe. Usiku nawahesabu wadeni wangu mmoja mmoja, asubuhi wakipiga simu nawachangamkia kama hakuna kitu.

Kikao cha pili tulikunja karatasi katikati. Upande mmoja ushahidi kwamba sentensi ni kweli, upande wa pili ushahidi kwamba si kweli, na hisia haihesabiwi kuwa ushahidi. Nilirudi na daftari langu la madeni. Katika mwaka mzima nilikuwa nimejikaza kudai watu 11. Tisa walilipa na bado wananunua kwangu. Mmoja alihama, akarudi baada ya miezi miwili. Mmoja tu ndiye aliyepotea. Nilikaa nayo ile karatasi muda mrefu. Daftari hilo nalishika kila siku, na sikuwahi kuliuliza swali hilo.

Halafu mshauri akauliza ile sentensi yangu niliitoa wapi. Nikakumbuka marehemu mama alinituma kwa jirani kudai pesa ya maziwa, nina miaka tisa, yule jirani akanifokea mbele za watu. Mama akasema nisirudi tena, mtu wa kudaidai hapendwi. Basi mama mzima wa miaka 46 nilikuwa nafanya biashara kwa woga wa mtoto yule.

Mshauri alitueleza njia hii ilikotoka. Daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, Aaron Beck, katika miaka ya 1960 aliona kwamba wagonjwa wake wenye sonona walipitiwa na mawazo ya harakaharaka ambayo waliyaamini bila kuyahoji, akaanza kuwafundisha kuyapima. Nilipenda kwamba hakutuambia tuwaze mazuri tu. Kila wazo ilibidi lijaribiwe.

Jaribio langu: mpigie mdeni mmoja kabla ya Jumatano, na kwanza andika unachotegemea. Niliandika, "Atanitukana." Yule wa Kahama akasema, "Mama, nilikuwa naona aibu kukupigia." Siku hiyohiyo alituma laki mbili kwa simu na kuagiza magunia manne. Wa pili alikasirika kweli, akahamia kwa mwingine. Iliniuma, lakini usiku ule nililala hadi adhana ya alfajiri.

Sasa nisemayo ni ya kuwasaidia wenye huduma pia. Si kila wazo linalokaba ni la kuhojiwa. Nilipoandika, "Mvua ikinyesha dagaa wangu wataoza," mshauri alianza kuuliza ushahidi. Ushahidi upo! Dagaa walioanikwa mchangani wakilowa hawana bei tena. Dawa yake ni chanja na turubai, na kwa haki yake aliposikia hivyo alikubali, akasema wazo la kweli linataka mpango. Lakini dada mmoja, mama ntilie, alikuwa na mkopo wa kausha damu, marejesho kila siku. Aliulizwa maswali yaleyale ya karatasi, akaondoka analia, na kikao kilichofuata hakuja. Tulimtafuta sisi wanakikundi, wawili wakamwingiza kwenye kikoba chao. Kazi hiyo ilipaswa kuwa ya mshauri, angalau kumwelekeza. Nilimweleza faragha, akaipokea vizuri.

Mengine ni madogo. Wanachelewa kuanza, mara nyingi nusu saa, na kwa anayefunga meza mapema hiyo ni hasara. Chumba kina joto. Wanaume walikuwa wawili tu, natamani wavuvi waje, maana siku za mbalamwezi wengi hawaendi kuvua dagaa na huo muda upo.

Kwa shilingi 70,000 zote, kwangu imelipa. Presha bado naipima na dawa sijaacha, msije mkaacha zenu. Kundi jingine likianza narudi, na sentensi nimeshaiandika: "Mtoto aliyepata sifuri kidato cha nne amepotea." Binti yangu yupo nyumbani tangu Januari, na kila nikimtazama ndilo neno ninalolisikia. Upande wa ushahidi wa kinyume nimeshaanza kuujaza, una mistari mitatu.